Oxford Advanced Learner's Dictionary: visanduku vyake ndo vinauza, sio unene

Kama unatafuta kamusi ya kukwambia shade na shadow vinatofautianaje wakati kwetu vyote ni kivuli, basi hii ndo yenyewe, Oxford Advanced Learner's Dictionary, lile dude nene ambalo wengi tumekua tukiliona mezani kwa mwalimu wa Kiingereza na hakuna aliyethubutu kuligusa. Mi natumia ya kitabu nyumbani na ya mtandaoni nikiwa kazini, toleo la 10 lililotoka 2020. Sitaongelea picha wala idadi ya maneno, hayo wameyaandika wenyewe kwenye jalada, mi naongelea kitu kimoja tu, maneno yanayofanana, maana hapo ndo kamusi nyingi zinakuachaga njia panda.

Iko hivi. Kamusi ya Kiingereza kwenda Kiswahili unatafuta neno, unapewa neno la kwetu, umemaliza. Ukiwa unasoma hiyo ni safi kabisa wala huna haja ya kingine. Kasheshe ni ukiwa unaandika, maana unataka kusema kukodi halafu mbele yako kuna rent, hire, lease, charter, na yote maana yake ni kukodi, sasa lipi unaliweka kwenye barua ya mteja? Hapo unabaki kupiga ramli. Ukikimbilia thesaurus ndo unazidi kupotea, toka Roget, yule daktari Mwingereza, atoe ya kwake 1852 kazi ya vitabu vile ni kukurundikia maneno yanayokaribiana, lipi linakaa wapi utajua mwenyewe. Na programu za kutafsiri nazo zinakuchagulia neno moja, haziongezi neno, kama limeangukia vibaya utajua siku mteja akiuliza.

Hii ya Oxford ina visanduku. Unakuta neno lako, halafu pembeni au chini yake kuna kisanduku kimeandikwa Which Word? na ndani yake maneno mawili au matatu yamewekwa pamoja na kutenganishwa kwa mistari michache na mifano. Basi. Hamna hotuba.

Chukua hiyo shade. Kisanduku kinakwambia shade ni sehemu iliyokingwa na jua, pana ubaridi, ndo pale chini ya mwembe unapoegesha bodaboda mchana ukisubiri abiria. Shadow ni lile umbo jeusi linalolala chini mwanga ukikupiga, unatembea nalo linatembea. Halafu kuna ki-herufi U kwenye shade na C kwenye shadow ambavyo watu wengi wanavirukaga kama mapambo, kumbe ndo uhondo wenyewe uko humo, U ni kitu kisichohesabika na C kinahesabika, kwahiyo watu watatu wakisimama juani wana shadows tatu ila wakienda chini ya mti wote wako in the shade, ile ile moja, haigawanyiki. Na hawajaishia hapo, wanakwambia shadow nayo inaweza kuwa haihesabiki, ikimaanisha giza ambalo huoni vizuri kilichomo. Sasa fikiria guide anamwandikia mgeni kwamba tukifika tutapumzika in the shadow. Mgeni ataelewa ndio, wageni wanaelewa vingi, ila kichwani kwake mmekaa gizani mnavizia mtu.

Kisanduku ninachokipenda kuliko vyote ni cha rent, hire na let, na nakipenda kwa sababu ya kazi, ofisini kwetu magari ndo maisha. Mwingereza kitu cha muda mfupi anasema hire, baiskeli, suti ya harusi, gari la siku tatu. Cha muda mrefu kama nyumba au ofisi ni rent. Mwenye mali anayetoa nyumba yeye anafanya let, ndo ule mwanzo wa vibao vya TO LET ambavyo vijana wakipita usiku na chaki wanachomeka i katikati. Ukivuka bahari kwenda Marekani, gari ni rent, nyumba ni rent, na hire kwao ni kuajiri mtu. Kwahiyo ukituma imeili moja kwa mgeni wa Manchester na mgeni wa Chicago yenye sentensi inayosema you can hire our drivers, wa kwanza anaona huduma na wa pili anaweza kujiuliza kama madereva wenu wanatafuta kazi. Kampuni nyingi za utalii zinatumia maneno haya kama karanga, hapa hire pale rental ukurasa huo huo, na mgeni hasemi kitu, anakunja uso tu anaendelea.

Na hapo hapo unaona kitu ambacho kisanduku hakisemi sana ila ukikaa nacho unakigundua mwenyewe. Kiswahili kimelipanga hili jambo vizuri kuliko Kiingereza. Sisi nyumba unapanga, gari na maturubai ya shughuli unakodi, na ukiongeza -isha tu inajulikana nani anatoa na nani anapokea, napanga na napangisha, nakodi na nakodisha. Kiingereza chao he rents a house in Mbezi, huyo ni mpangaji au ni mwenye nyumba? Huwezi kujua mpaka aongeze out. Ndo maana nasema usiingie humu ukidhani unaenda kufundishwa na watu wenye lugha iliyonyooka, hapana, unaenda kuonyeshwa walipoivuruga wao ili usijikwae.

Steal na rob ni hivyo hivyo, na hapa Mswahili amebebwa kabisa ila hajui kama amebebwa. Kuiba na kuibia. Unachoiba ni simu, unayemwibia ni mtu. Steal inakaa na simu, rob inakaa na mtu au benki au duka. Shida inakuja tunaposema wameniibia simu, vyote viwili kwenye sentensi moja, kisha mtu anaihamisha nzima nzima inakuwa they stole me my phone, na wengine wanakata mwisho inabaki they stole me, ambayo maana yake umebebwa wewe mwenyewe na viatu vyako. Kamusi inakuonyesha rob inataka of, they robbed me of my phone, na inakuonyesha kwa mifano, haikukaririshi sheria. Jambo hili natamani walimu waliige.

Vingine napita haraka. Last na take, mkutano ulichukua masaa matatu, sisi kila kitu kinachukua, ila wao last ni jambo linavyodumu lenyewe na take ni muda unaohitaji kufika au kumaliza kitu, mvua inalast, safari ya Mwanza inatake. Alone na lonely, peke yako na mpweke, hiyo haina shida kwetu. Rise na raise, lie na lay, hivyo visanduku vipo na ni vizuri, ila lie na lay hata Waingereza wenyewe wanavichanganya kwahiyo usijikondeshe.

Kuna visanduku vya aina ya pili vimeandikwa Synonyms, hivi vinakusanya maneno matano sita ya ukoo mmoja. Nenda kwenye intelligent. Utakuta smart, clever, bright na brilliant, na wanakwambia bright inapenda vijana na watoto, na smart ya maana ya akili ni zaidi ya Wamarekani. Sasa sisi hapa Bongo mtu akiwa smart amepiga pasi shati na viatu vinang'aa, akili yake hatujaijadili bado, hiyo ni smart ya Kiingereza cha Uingereza tuliyoirithi. Ukimsifia dereva wako kwa mgeni wa Texas kwamba ni very smart usishangae mgeni akianza kumuuliza maswali magumu njiani.

Haya, lawama. Visanduku vingine unavisoma unajiuliza hivi viliwekwa kwa ajili ya nani. Kuna cha actual, current na present, kinakuonya kwamba actual haina maana ya kitu cha sasa. Mswahili gani anachanganya hayo? Hatuna hilo tatizo, ni la Mfaransa na Mhispania, kwao actuel na actual ni kitu cha sasa hivi, ndo wanajikwaa. Sensible na sensitive vile vile, ni ugonjwa wao. Tunanunua dawa ya jirani.

Halafu ukija kwenye yanayotuuma sisi, unajikusanyia mwenyewe. Aibu. Naona aibu nikikamatwa nimekula hela ya kikundi, naona aibu nikijikwaa mbele za watu stendi, na mtoto anayejificha nyuma ya kanga ya mama yake mgeni akiingia naye anaona aibu. Kiingereza ni ashamed, embarrassed na shy, na ukikosea unajiumiza, maana anayesema I was ashamed kwa sababu aliteleza kwenye matope ni kama anakiri dhambi. Maelezo ya kila neno yamo kwenye kamusi na yameandikwa vizuri, ila uende kurasa tatu tofauti na uwe umeshajua ni yapi ya kutafuta. Kuazima ndo balaa zaidi, nimeazima kalamu kwake na niazime kalamu, kitenzi kile kile kinaenda na kurudi, ndo maana borrow me your pen haitakuja iishe Afrika Mashariki. Wivu nao, wa mapenzi na wa mali ya jirani. Mkono, ambao kwao ni arm mpaka kifundo na hand baada ya hapo. Kamusi ya dunia nzima haiwezi kumjua kila mtu anapojikwaa, naelewa, ila bei yake tunalipa sawa.

Pamoja na hayo asili ya hii kitu inanifanya niisamehe. Hornby aliyeianzisha alikuwa mwalimu wa Kiingereza Japani, na mara ya kwanza ilichapwa Tokyo 1942 vita vimepamba moto, Oxford wakaja kuitoa kwao 1948. Yaani toka mwanzo haikuandikwa kwa Mwingereza, iliandikwa kwa mtu ambaye Kiingereza amekikuta ukubwani, na inaonekana, maana hata maelezo yanatumia maneno mepesi, hutumwi kutafuta neno la kuelezea neno. Longman wao walipotoka 1978 wakaenda mbali zaidi, maelezo yote wakayafunga ndani ya maneno kama 2000 hivi, kwahiyo kama Kiingereza chako bado kinachechemea mi ningekwambia anzia Longman, nayo ipo bure mtandaoni. Merriam-Webster ya Wamarekani ina sehemu inaitwa Choose the Right Synonym, ni tamu sana ila imeandikwa kwa wenye lugha, bila kukuhurumia.

Ya mtandaoni ya Oxford ni bure, matangazo yapo na yanakera, ila unabonyeza spika unasikia Mwingereza na Mmarekani wanavyotamka, na maneno mengi yamewekewa daraja toka A1 mpaka C1 ukajua hili ni la kila siku au la wasomi. Jambo ambalo watu wengi hawajui ni kwamba mtandaoni vile visanduku vimefungwa, unaona kamstari tu kameandikwa Which Word? na lazima ukabonyeze ndo kafunguke, kwahiyo kuna watu wanaitumia kila siku na hawajawahi kukiona kisanduku hata kimoja, wanasoma maana ya kwanza wanafunga. Haili bando sana, ni maandishi.

Ya kitabu ni nzito, kwenye daladala huibebi, na herufi ni ndogo kama una macho ya kuanzia miaka arobaini jiandae na miwani. Ila kitabuni visanduku viko wazi, macho yanaangukia kile ambacho hukukitafuta, unaenda kutafuta hire unaondoka umejua historic na historical. Kwangu hiyo peke yake inatosha kuwa nayo nyumbani hasa kama kuna watoto wa sekondari.

Nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeizuia kwa ajili ya aibu na kuazima.

Kwenye kununua, toleo la nyuma la mtumba halina ubaya wowote kwa kazi hii, tofauti ya shade na shadow haijabadilika. Kwa wauza vitabu wa chini pale Posta zinapatikana na bei mnaelewana, ila angalia usiuziwe kopi ya kudurufu, hizo zinakuwa na kurasa nyembamba wino unapenya upande wa pili, na kwa kuwa visanduku vina rangi ya chini vikidurufiwa vinageuka weusi mtupu, husomi kitu. Kabla hujatoa hela fungua R, tafuta rent, kama kisanduku hakisomeki irudishe mezani.