antiX 23 kwa laptopu kuukuu ya duka la kuchapa

Ukiwa na duka la kuchapa barua na kutoa fotokopi Nasser Road, Kampala, au kule Busia mpakani, na laptopu yako ni Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2, Windows 11 haikuhusu: inadai RAM ya GB 4, diski ya GB 64 na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Msaada wa kawaida wa Windows 10 nao ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haijachakaa kwa kazi ya barua. Programu ndizo zilizonenepa. antiX 23, mfumo mwepesi wa Linux unaowekwa badala ya Windows, uliojengwa juu ya Debian 12 bila systemd (programu inayowasha na kusimamia huduma za Linux nyingi), inairudisha kazini, na kwa duka la namna hiyo tunaipendekeza bila kusita.

Flashi ya GB 4 inatosha kwa toleo la full, yaani kamili. Ukiwa kwenye Linux, andika kwanza lsblk uone flashi inaitwaje, kisha uinakili antiX humo kwa dd if=antiX.iso of=/dev/sdX bs=4M, ukiweka herufi ya flashi yako mahali pa X. Ukikosea herufi ya mwisho, umefuta diski ya ndani. Washa mashine kwa flashi hiyo ujaribu wifi na printa kabla ya kusakinisha. Chipu za wifi za Broadcom husumbua. Chomeka simu kwa waya wa USB, gawa intaneti yake, upakue firimwea (programu ndogo inayoendesha chipu) inayokosekana.

Kinachopotezea watu siku nzima ni betri ya CR2032 iliyo kwenye ubao mama. Ikifa, na betri kubwa nayo haishiki chaji, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma miaka. Firefox inakataa tovuti kwa kuwa cheti chake hakijaanza kutumika, na apt, amri ya kusakinisha programu, inagoma kwa sababu hiyohiyo. Mwenye duka analaumu bando, kumbe ni tarehe. Badilisha betri.

Uzuri wa mfumo huu ni kwamba unasomeka. Kitufe cha kufungua LibreOffice Writer kwenye mwambaa wa IceWM, programu inayopanga madirisha ya antiX, ni mstari mmoja ndani ya faili ~/.icewm/toolbar:

prog "Barua" libreoffice-writer libreoffice --writer

Jina, ikoni, amri. Kijana wa kaunta anajifunza hilo asubuhi moja, na akikosea anafuta mstari wake tu.

Barua za wateja nyingi huja na fonti ya Calibri. Bila hiyo, ukurasa mmoja humwaga mistari miwili kwenye wa pili. Sakinisha fonts-crosextra-carlito, ambayo herufi zake zina upana uleule. Printa ndiyo mtihani mkubwa zaidi: Canon LBP2900 hutumia CAPT, lugha ya Canon yenyewe, si lugha za printa zilizozoeleka za PCL wala PostScript, hivyo inahitaji dereva yake yenyewe, na kuisimamisha kunachosha. Kama ndiyo printa pekee dukani, ijaribu kabla hujafuta Windows.

antiX haiwezi kupunguza uzito wa tovuti. Ikiwa tupu inatumia RAM kidogo sana, lakini vichupo vichache vya Firefox vinaimaliza GB 2. Tenga swapu (sehemu ya diski inayosaidia RAM ikijaa) ya GB 2 na ufunge kichupo kila mteja akiondoka. Mashine ya biti 32 usiitegemee kwa fomu za mtandaoni, maana Mozilla iliacha kutoa Firefox ya Linux ya biti 32 kuanzia toleo la 145. Hiyo ibaki ya kuchapa na kuskani.