Pikipiki imelala winta nzima: utie dawa au ufungue kabureta?

Wenzangu wa Minnesota na Kanada mnaoegesha pikipiki tangu Novemba hadi Aprili, mkiitoa haiwaki, na kosa mara nyingi ni mafuta yenyewe. Petroli ya huku ina ethanoli kama 10%, inavuta unyevu, alafu ikikaa inageuka gundi ndani ya kabureta, kile kifaa kinachochanganya mafuta na hewa.

Njia ya dawa ni rahisi: mwaga mafuta ya zamani yote, ya kwenye kikombe cha kabureta pia, kuna skrubu pale chini, weka mapya na dawa ya kusafishia, washa iungurume kidogo, zima, iache mpaka kesho. Hii inasaidia kama pikipiki inawaka ila inakohoa kohoa tu.

Lakini kama inawaka na choki tu (ile ya kupunguza hewa ili injini baridi iwake), ukirudisha choki inazima, jamani msijidanganye, hapo jeti ndogo (kipande chenye tundu la kupitishia mafuta ndani ya kabureta) imeziba na tundu lake halifiki hata nusu milimita, dawa itapitaje sehemu ambayo mafuta yenyewe hayapiti? Fungua. Toa jeti zote mbili, ndogo na kubwa, loweka, puliza na hewa ya kompresa, na tafadhali msichokoe na waya mgumu maana tundu likipanuka pikipiki itakunywa mafuta vibaya sana. Angalia na raba ya kikombe, ikikakamaa itavuja.

Mimi nachagua kufungua, hata kama inakula jumamosi nzima. Zenye injeksheni (zinazopuliziwa mafuta, hazina kabureta) ni habari nyingine, hizo anza na pampu na filta.