Treetops ni pazuri, lakini yule mwongozaji alinichoma roho

Wacha niseme ukweli, nilienda Treetops, ile hoteli ya juu ya nguzo kule mbuga ya Aberdare, na hamu kubwa, na haikuwa ya ndovu. Guka yangu (babu, baba ya mama) alikuwa msituni enzi za Mau Mau, kwa hivyo mimi nilitaka kusimama pale askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la mkoloni) walikuwa wanakaa juu ya mti wakichungulia watu kama yeye, mpaka Mau Mau wakapateketeza 1954. Hii ya sasa ilijengwa upya 1957, iko juu ya nguzo hapo hapo kwa maji.

Sasa yule kijana mwongozaji wa kampuni ya utalii tuliyolipa (jina naacha). Kutoka Nyeri mpaka tunafika ni Elizabeth wa Uingereza tu, alipanda binti mfalme Februari 1952 akashuka malkia, sawa, hiyo ni historia na sina shida nayo. Nikamuuliza kwa heshima, na ule moto je? Akasema, "Aah, magaidi walichoma hoteli, hayo tuachane nayo." Magaidi! Mbele ya wageni, na mimi nimesimama hapo! Nikamwambia, "Kaka yangu, wanajeshi walikuwa wanaitumia kuwinda watu, ulitaka waiache?" Akacheka, akaniambia "Mama, kama ni siasa ungebaki Nairobi," akanipa mgongo akaendelea kuonyesha watu nyati.

Chakula kilinishinda hata kumeza. Na jioni ndovu walikuja kweli, na watoto wao, wakawa wanachokora udongo wenye chumvi karibu hadi unasikia wakipumua, wahudumu nao hawana makosa, blanketi walituletea bila kuombwa maana baridi ya huko si mchezo. Lakini mimi nilikuwa naangalia ile miti. Ukiwa pale juu unaelewa mara moja, chochote kikitoka msituni kuja maji unakiona, mnyama ama mtu mwenye kiu. Hiyo ndiyo stori nilitaka niambiwe na mtu amelipwa kuisema!

Nilikuwa nimeamua nyota nne, sasa nikiandika hapa mikono inatetemeka, ni mbili. Mahali penyewe nendeni. Kampuni hiyo mimi nayo basi, sirudi. Aberdare nitarudi, tena na mama yangu, na hiyo siku mimi ndiye nitamwelezea baba yake alikuwa anaangaliwa kutoka wapi.