Pampu ya hewa ya betri: imeniokolea samaki, ila kosa langu haikuweza kuliponya

"Baba, njoo uone, samaki wanaimba." Ndivyo mwanangu alivyoniamsha asubuhi moja ya Februari. Nilipofika sebuleni nikawakuta samaki wangu wa dhahabu wote sita juu kabisa, midomo inafunguka na kufunga kwenye uso wa maji. Mmoja alikuwa ameshalala ubavu. Umeme ulikatika saa nne usiku tukiwa tumelala, filta ya tangi langu la lita 120 ikakaa kimya mpaka alfajiri, na kipimajoto kilisoma nyuzi 31. Nikachukua kikombe, nikawa nachota maji na kuyamwaga kutoka juu, chota mwaga, chota mwaga, karibu saa nzima hadi mkono ukafa ganzi. Watano wakashuka chini. Yule wa ubavu hakuamka.

Jioni ile ile nikaenda Kariakoo. Muuzaji akanitolea pampu ndogo ya hewa yenye betri ya kuchaji: "Hii, kaka, umeme ukikatika inajiwasha yenyewe." Alianza na 60,000, tukamalizana kwa 45,000, na mipira miwili na mawe mawili ya hewa (yale ya kutoa mapovu majini) ndani yake.

Nina miezi minne nayo sasa. Kujiwasha, kweli inajiwasha, bado haijanikosea hata mara moja. Boksi linadai saa 20. Kwangu imefika saa 9 nikitumia matundu yote mawili, na 14 nikitumia moja kwa kasi ndogo. Inatosha usiku. Sauti yake ni ya kunguruma hasa ukiiweka juu ya mbao. Nimeilaza juu ya kipande cha sponji, ikapoa.

Kasoro kubwa ni kwamba haiji na valvu ya kuzuia maji kurudi. Mimi niliiweka sakafuni chini ya meza ya tangi. Umeme uliporudi ikajizima, maji yakafuata mpira kurudi chini, nikakuta kidimbwi na pampu inatoa matone puani. Bahati yangu ilikauka ikafanya kazi. Valvu ni shilingi 2,000 tu, inunue siku hiyo hiyo, au itundike pampu juu ya usawa wa maji.

Jambo jingine: nilikuwa nazamisha jiwe mpaka chini kabisa nikidhani mapovu mengi ndiyo oksijeni nyingi. Kazi kubwa inafanyika pale juu, uso wa maji unapotikisika na kubadilishana hewa. Nimelipandisha jiwe hadi katikati, pampu haihangaiki na uso wote unacheza. Na kwa joto letu la Dar hilo si la kupuuza: maji ya nyuzi 20 yanaweza kushika takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, ya nyuzi 30 hayafiki 8, wakati samaki mwenyewe ndio anazidi kuhitaji.

Sasa sehemu niliyoilaumu pampu bure. Wiki ya tatu, umeme upo, pampu nimeiwasha kwa mkono, mapovu yanatoka vizuri, lakini samaki wanahema mbiombio na matamvua wanayopumulia yamewaiva mekundu. Nikaongeza jiwe la pili. Wapi! Nikataka kuirudisha dukani. Jirani yangu, anayefuga samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa, akaangalia kidogo akaniuliza, "Filta umeiosha lini?" Juzi, nikamwambia, tena vizuri, chini ya bomba. Akashika kichwa. Klorini ya bomba ilikuwa imeua bakteria wa kwenye sponji, wale wanaokula amonia, sumu inayotoka kwa samaki wenyewe. Matone ya kupimia amonia yakageuka kijani palepale, maana yake ipo. Amonia inachoma matamvua, na samaki mwenye matamvua yaliyoungua anakosa pumzi hata maji yakiwa yamejaa hewa.

Nilibadilisha nusu ya maji kila siku kwa siku tano, maji yaliyolala kwenye ndoo wazi siku nzima ili klorini itoke, na chakula nikapunguza hadi chembe chache. Iliwachukua karibu siku kumi kutulia. Siku hizi sponji naikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe.

Kwa hiyo kabla hujanunua, angalia wanahema lini. Wakipanda wote alfajiri au umeme ukikatika, kisha wakashuka ukitikisa maji, pampu hii ni yako. Wakihema mchana kutwa huku mapovu yapo, pima amonia kwanza. Akihangaika mmoja tu na anajisugua kwenye mawe, shuku vimelea. Na kama una samaki aina ya beta, usimnunulie kwa sababu anapanda juu: yeye ana kiungo cha kuvuta hewa moja kwa moja, ndiyo maumbile yake.

Mawe ya hewa yanaziba haraka kwa maji yetu. Nayalaza kwenye siki usiku mmoja, nayasuuza sana, yanafunguka. Nampa muuzaji nyota nne. Mwanangu naye, akisikia pampu inanguruma usiku, ndiyo anajua umeme umekatika, anaanza kutafuta tochi.