App ya kujifunza Kituruki niliyotumia, uzuri wake na shida yake

Wadau mnaofuata nguo Laleli pale Istanbul mmeniuliza sana kuhusu hii app, haya. Sauti safi, mazoezi mafupi unafanya hata kwenye daladala, na bure inatosha, ila matangazo jamani! Shida ni kwamba haielezi kitu, inakurushia sentensi tu ukariri. Mfano elbise aldım na elbiseyi aldım, zote kwao ni "nimenunua gauni", ukikosea inakupiga iksi nyekundu basi. Mswahili angeambiwa tu kwamba hiyo -yi ni kama ile -li- yetu ya "nimelinunua", yaani gauni lile tunalolijua, angeelewa fasta. Hivyo hivyo geldi na gelmiş, ya kwanza umemwona kaja, ya pili umesikia au umeona viatu mlangoni ukajua kaja, app inazipita kama hamna kitu.

Viambishi sasa ndo raha, sisi tunavibandika mbele wao wanavibandika nyuma, evlerimizde ni ev nyumba, ler wingi, imiz zetu, de ndani, unasoma kama treni. Hapo app imejitahidi, inavipandisha taratibu.

Maneno ya dukani ni machache mno, na kolay gelsin, ile "pole na kazi" yao, sijaiona kabisa wakati ukimwambia muuzaji anachangamka hatari. Nyota tatu kati ya tano, na tafuteni na mwalimu pembeni.