City of Heroes: Homecoming, gemu iliyozimwa ikarudi (na barua ninayotaka tuandike)

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya mapango, nitayafikia.

Kilichonisukuma kuandika ni kwamba gemu nyingine ya mtandaoni ninayocheza na wenzangu, ambayo sitaitaja jina, imetangaza kuzima seva zake. Kwenye kundi letu hakukaliki. Huyu anakusanya sahihi, yule anatunga matusi, mwingine anaapa kwamba kampuni hiyo haitaiona tena hela yake. Nikawaambia: jamani, kabla hamjatuma chochote, ingieni City of Heroes mcheze walau wiki. Hii ni gemu iliyozimwa na kampuni yake, ikaombewa kwa kila namna, maombi yakagonga mwamba, na leo inachezwa kwa leseni ya kampuni ileile iliyoizima. Kwa hiyo ninayoyapitia hapa ni mawili: gemu yenyewe, na namna ya kumwomba mwenye nayo.

Kwa asiyeijua, ilitoka Aprili 2004, imetengenezwa na Cryptic Studios na kusambazwa na NCsoft ya Korea Kusini. Wachezaji ni mashujaa wenye nguvu za ajabu ndani ya mji mmoja mkubwa, Paragon City. Mwaka 2005 ikaongezwa City of Villains kwa wanaopenda kuwa majambazi, na mwaka 2011 ikafunguliwa pia kwa wasiolipa ada ya mwezi. Toleo ninalolizungumzia, Homecoming, linaendeshwa na watu wanaojitolea na halikuuzii kitu. Unafungua akaunti kwenye tovuti yao, unapakua programu yao ndogo, hiyo ndiyo inayoishusha gemu, unaingia. Kompyuta ya kawaida inaiendesha bila kuhema, maana picha zake ni za enzi ile, na zinaonekana ni za enzi ile.

Utamu unaanzia chumba cha mavazi. Ukishachagua aina ya shujaa na nguvu zake, unaletewa mwili wa kuuchonga: urefu, mabega, kiuno, taya, nafasi kati ya macho. Kisha nguo, kipande kwa kipande, kila kipande na rangi zake. Shujaa wangu anaitwa Shangazi Radi. Ni mama wa makamo, mfupi, ana mabega ya mbeba mizigo, joho la zambarau mgongoni, glavu nene za fundi umeme na miwani mikubwa kama ya mchomeleaji. Ni Defender, yaani aina ya shujaa wa kusaidia wenzake, anaponya kwa seti ya nguvu iitwayo Empathy na anapiga kwa umeme. (Niliporudi baada ya miaka yote ile nilihofia jina limeshachukuliwa. Lilikuwepo linanisubiri. Nani mwingine angelitaka?) Zamani joho hukupewa hivihivi, ulingoja ufike levo ya 20 na ufanye kazi maalumu ya kulistahili. Homecoming wameliachia tangu unapoanza. Wengi wamefurahi, mimi ningeacha kama zamani. Ulikuwa ukimwona mtu na joho lake unajua huyu ameshakula chumvi.

Ukiingia mtaani unakuta mhuni wa genge la Hellions anavutana mkoba na mwanamke. Hakuna aliyekutuma. Unamshughulikia, mwanamke anakuja mbio, anakushukuru, anaendelea na safari yake. Unageuka kona, kuna mwingine. Mpaka leo siwezi kupita nikawaacha, hata levo yangu ikiwa kubwa kiasi kwamba sipati chochote kwa kuwapiga.

Lakini watu hawakuililia gemu hii kwa ajili ya mavazi. Waliililia kwa sababu ya kikosi. Tangu 2009, ukijiunga na wenzako, levo yako inapandishwa au kushushwa papo hapo ilingane na ya wenzako. Kaka yangu ana Tanker (shujaa wa kukaa mbele na kupokea vipigo) wa levo ya 50, jitu la mawe, na mtu aliyeanza jana anaweza kusimama naye kwenye pambano moja akawa na kazi ya maana. Wanane ndio mwisho wa kikosi. Mimi mponyaji vita huwa sivioni vizuri. Macho yangu yako pembeni mwa skrini, kwenye orodha ya majina na mistari ya uhai inayopungua. Mstari wa kaka ukifika nusu, nabonyeza. Ukishuka haraka kuliko ninavyobonyeza, natoa Absorb Pain, ambayo inamponya mwenzako kwa kukukata wewe, kisha nakimbilia nyuma ya ukuta maana kwa muda kidogo hakuna wa kuniponya. Fortitude ndiyo yenye siasa. Inampa mwenzako ulinzi na makali zaidi, ila unaitoa kwa mmoja mmoja na inachukua muda kurudi, kwa hiyo wote wanane hawapati. Mimi nampa anayepiga sana. Anayelalamika sana hapati.

Sasa mapango. Ramani za ndani walizotengeneza ni chache, wakazirudia mpaka basi. Pango lilelile, ofisi ileile, ghala lilelile lenye makreti yaleyale. Kazi nyingi zinataka umalize kila adui, kwa hiyo vita inaisha halafu mnabaki watu wanane mnazunguka kama waliopoteza funguo, mnamtafuta mmoja aliyesimama kimya nyuma ya nguzo. Pia mfumo wa vile vipande vya kuongezea nguvu zako makali ni msitu, na gemu haikushiki mkono. Muulize mtu kwenye soga. Watu wa huku wanajibu, na wanajibu kwa adabu, ingawa karibu mazungumzo yote ni ya Kiingereza.

Tuje kwenye kuzimwa. Tarehe 31 Agosti 2012 NCsoft ilitangaza kuifunga Paragon Studios, timu iliyokuwa ikiiendeleza gemu, na gemu yenyewe pia. Wachezaji walikusanya sahihi kwa maelfu. Wakatuma majoho na vinyago kwenye ofisi za kampuni. Ndani ya gemu wakajaa Atlas Park, mtaa mmoja wa Paragon City, na mienge mkononi, chini ya lile sanamu la Atlas aliyebeba dunia, mpaka eneo likafunguliwa nakala juu ya nakala ili watu watoshe. Mimi na kaka tulikuwa ndani ya umati huo, na nasema bila haya kwamba nililia. Oktoba kampuni ikajibu kwamba ilikuwa imejaribu kila njia, hata kuiuza, ikashindikana. Tarehe 30 Novemba seva zikazimwa.

Kaka alisema siku ile: "Hawa hawasomi machozi, wanasoma hesabu." Kaka huwa anaongea kama mtu anayelipwa kwa kuvunja watu moyo, lakini nimeyafikiria sana maneno yake na naona yana ukweli nusu. Kelele huwa zinasikika. Mapema mwaka huohuo wa 2012, Sony Online Entertainment ilitangaza kuifunga EverQuest ya kompyuta za Mac. Wachezaji wachache waliobaki wakapaza sauti, na kampuni ikageuza uamuzi, ikaiacha wazi tena bure. Ila Novemba 2013 ikafungwa vilevile. Ukiomba huruma unaweza kupewa, tatizo ni kwamba hesabu iliyotaka kuifunga gemu haikubadilika hata senti moja.

City of Heroes ilirudi kwa njia nyingine, na mwanzo wake haukuwa mzuri. Mwaka 2019 ilifichuka kwamba kikundi kidogo kilikuwa na seva yake na kilikuwa kikicheza kwa siri kwa miaka, wakati sisi wengine tumeshakaa matanga. Nilikasirika, na hata sasa nikikumbuka nanuna. Mwaka huohuo programu za seva zikatoka hadharani, makundi mbalimbali yakafungua seva zao, na Homecoming wakawa wakubwa kuliko wote. Kisheria walisimama pabaya, kwa sababu gemu haikuwa yao. Walichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka wenzangu wakitazame vizuri. Michango waliipokea kwa kiasi cha gharama za kuendesha seva. Lengo likifikiwa wanafunga mlango. Wakazungumza na NCsoft kimyakimya, bila kuitukana hadharani, na Januari 2024 wakatangaza kwamba wamepewa leseni. Umiliki umebaki kwa NCsoft.

Weka maombi mawili kando kwa kando. La 2012 liliiambia kampuni iendelee kulipa mishahara na mitambo kwa sababu sisi tunaipenda gemu. La Homecoming lilisema: hamtalipa kitu, jina linabaki lenu, mzigo tunabeba sisi, na ushahidi ndio huu hapa, miaka zaidi ya minne ya kuendesha bila kutafuta faida. Hilo la pili mkurugenzi anaweza kulikubali na asionekane mjinga mbele ya wenye hisa.

Simbezi aliyeshika mwenge Atlas Park. Watu walewale ndio waliotengeneza programu ya kunakili taarifa za wahusika wetu kabla ya kuzimwa, wakatunza picha, ramani na maelezo ya kila nguvu. Kama wangeinuka na kuondoka kimyakimya, mwaka 2019 kusingekuwa na mtu wa kurudi. Ninachosema ni kwamba mapenzi yale yalikosa ombi ambalo kampuni ingeweza kulitimiza.

Kwa hiyo barua yetu, nikiandika mimi, haitasema "msifunge". Itaanza na kitu wanachoweza kufanya kesho: waache kuuza sarafu za ndani ya gemu kuanzia sasa, maana kumuuzia mtu kitu cha seva ambayo umeshaamua kuizima ni dhuluma. Kisha tuombe toleo ambalo wachezaji wanaweza kulisimamia wenyewe. Hii si ndoto. Velan Studios walipozima seva za Knockout City mwaka 2023, walitoa toleo la kompyuta ambalo mtu anaendesha kwenye seva yake. Hilo likishindikana, tuombe hali ya kucheza bila intaneti. Ubisoft ilizima The Crew, gemu ya mbio za magari, mwisho wa Machi 2024, malalamiko yakawa makubwa, na baadaye mwaka huohuo ikaahidi kwamba The Crew 2 itapata hali hiyo. Na tuwape nafasi ya kusema ukweli kuhusu vikwazo. Wakati mwingine gemu ina muziki, magari au majina ya kukodi, na kampuni haina ruhusa ya kumpa mtu mwingine. Wakisema hivyo, tuwaulize kipi hasa kimekodiwa na kama kinaweza kung'olewa.

Sahihi tusizitupe, ila tuzipeleke zinakofanya kazi. Kampeni ya Stop Killing Games, iliyoanzishwa na Ross Scott mwaka 2024 baada ya The Crew, ilizielekeza kwa watunga sheria. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka sahihi milioni moja Julai 2025. Na hawaombi seva ziwake milele, wanataka gemu uliyoinunua iachwe katika hali ya kuchezeka baada ya kampuni kujitoa. Mbele ya mbunge sahihi milioni moja ni wapiga kura. Ofisini kwa kampuni ni barua pepe nyingi tu.

Na matusi yatoke kabisa. Anayefungua barua hizo ni kijana wa huduma kwa wateja ambaye huenda na yeye ameshapewa notisi. Watu wa Paragon Studios walipoteza kazi siku ileile sisi tulipopata habari, miezi mitatu kabla ya seva kuzimwa.

Kuhusu gemu: kama unapenda picha kali na vita vya kutumia vidole kwa kasi, hutadumu. Kama unataka mahali pa kubuni mtu wako mpaka kwenye kifungo cha mkanda, halafu uingie vitani na watu wasiokuuliza umeanza lini, ingia leo. Chagua seva ya Everlasting ukitaka watu wanaoigiza wahusika wao kwa mazungumzo marefu; ukiona wanakuchosha, hamia nyingine. Kazi zinazokutaka umalize maadui wote ndani ya pango zikwepe ukiweza. Na ukimkuta Shangazi Radi mahali, mwite kwenye kikosi. Akikunyima Fortitude, unajua sababu.