Fremu ni nzuri, lakini picha yangu ya Nargis wameikata!

Sijawahi kuandika maoni ya duka lolote, lakini hawa watu wa fremu pale Kariakoo wamenifikisha hapa. Jina silitaji, wenyewe watajijua.

Ninakusanya picha za zamani za waigizaji wa sinema za Kihindi. Sizungumzii mabango wala kopi za kompyuta, nazungumzia picha zenyewe, zilizosafishwa kwenye chumba cha giza. Baba yangu alikuwa mtu wa majumba ya sinema, Empire na Avalon, Jumapili hakosi, na Nargis kwetu alitajwa kama ndugu wa nyumbani. Picha niliyopeleka ni ya kwake, ya miaka ya 1950, mtandio kichwani, uso kaugeuza kidogo. Ukiilaza mwangani, sehemu nyeusi zinatoa mng'ao wa kibuluu, kwa sababu madini ya fedha yaliyomo kwenye karatasi hupanda juu kadiri miaka inavyokwenda. Kopi ya kisasa haina kitu hicho. Nyuma ina muhuri wa mpiga picha wa Bombay na maneno mawili matatu ya kalamu ya risasi.

Ilikuwa nayo. Sasa nyuma kuna gundi.

Nilimwambia fundi kwa mdomo wangu: usikate, usibandike, na weka kadi iliyokatwa dirisha katikati, ikae kati ya picha na kioo, maana kwa unyevu huu wa Dar picha inagandia kioo na haibanduki tena. Akaitikia, "Sawa mama, sawa mama." Siku ya kuchukua nakuta ukingo mweupe umekatwa pande zote nne, na picha imegandishwa kwenye hadibodi. "Haikuingia, mama, nikaipunguza kidogo." Haikuingia vipi, na fremu alipima mwenyewe mbele yangu? Mkusanyaji yeyote akishika picha huanza kutazama ukingo na mgongo. Vyote viwili sina tena.

Na mwenye duka! Kijana mdogo, shikamoo hana, macho hayatoki kwenye simu. "Si picha ya zamani tu hiyo? Tutakusafishia mpya, kubwa, inayong'aa." Nilishindwa kumjibu. Nililia palepale kaunta, mtu mzima mimi.

Haki nayo isemwe. Mbao ni mninga kweli, pembe zimekutana barabara, bei haiumizi. Yule fundi alinifuata hadi nje akaniomba radhi, akanirudishia nusu ya hela, mikono inamtetemeka. Kwa ajili yake nilitaka kuandika kwamba nendeni tu, ila chukueni fremu tupu, picha mtie wenyewe nyumbani.

Lakini nilirudi ndani kuomba vile vipande vya ukingo, angalau nivihifadhi kwenye bahasha. Mwenye duka akasema vimeshafagiliwa. Hata kuinuka akatazame kwenye ndoo ya taka hakuinuka. Basi msiende. Hata fremu tupu msichukue, mafundi wa mninga Dar hii wamejaa.

Nilipofika Magomeni, nimesimama ndani ya mwendokasi, ndipo nikakumbuka kuwa picha ya pili, ya Dilip Kumar, bado iko kwao. Nimepiga simu usiku huu wote, haipokelewi. Asubuhi wakija kufungua watanikuta mlangoni.